Mbuzi Hafariki Dunia

Juzi mtoto wa dada yangu aliniletea barua ya kuomba kazi hotelini niipitie. Ilikuwa nzuri hadi mstari wa nne, alipoisifu hoteli hiyo kuwa ni “notorious” pwani nzima.

“Mjomba, neno hili umelitoa wapi?”

Akafungua daftari. Juu kaandika “famous”, chini visawe saba, vyote amevikariri. Maskini, hakujua kwamba “notorious” ni sifa ya jambazi sugu!

Simlaumu sana. Kiingereza kimejaa visawe kwa sababu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kilikaa juu ya lugha ya wenyeji, na wasomi wakaongeza Kilatini. Ndiyo maana kuna “ask”, “question” na “interrogate”. Mama humwuliza mwanawe kwa neno la kwanza; polisi humbana mtuhumiwa kwa la tatu. Hata Dakta Peter Mark Roget, aliyechapisha kitabu chake mashuhuri cha visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mafungu tu, bila kueleza maana ya kila moja.

Nilimwambia kijana: kwetu mtu hufariki dunia, lakini mbuzi hufa. Nani alikufundisha hayo kwa orodha? Uliyasikia ndani ya sentensi. Basi kila neno la Kiingereza liandike pamoja na sentensi uliyolikuta ndani yake, hata kama ni maneno mawili tu kwa siku.

Barua tuliiandika upya, “famous” ikarudi mahali pake. Majibu bado anayangoja.