Dawa Moja, Matumbo Mbalimbali
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ole, Pemba)



Nyote mmeshameza vidonge vya minyoo skuli. Sasa nawauliza: wawili wakimeza dawa ile ile, kwa nini mmoja apone na mwengine abaki na minyoo yake?

Haya si maneno ya barazani. Kati ya 2018 na 2020, watafiti walipima dawa Laos, Côte d'Ivoire na hapa Pemba, kwa wenye minyoo ya umbo la mjeledi. Hapa kazi ilifanywa na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, pale Wawi, iliyofunguliwa 2000. Albendazole peke yake iliponya Wapemba 6 tu katika kila 100. Ilipotolewa pamoja na ivermectin, wakapona 49. Laos wakapona 66, Côte d'Ivoire 14 tu. Na dawa ni zile zile, jamani!

Basi watafiti wakawageukia bakteria, majirani wa minyoo tumboni. Wakapima vinyesi vya wagonjwa 80 wa Laos kabla hawajatibiwa.

Bakteria wanatambuliwaje? Kila mmoja ana jeni la kutengeneza RNA ya ribosomu. Jeni hilo ni kama sare ya skuli: wote wanayo, lakini sura hazifanani. Mashine husoma vipande vyake vikiwa vimechanganyika. Hapo ndipo kompyuta inapoingia: inatupa vilivyosomwa vibaya, inavilinganisha na orodha ya bakteria wanaojulikana, kisha inahesabu. Ni kama kuchambua karafuu na makonyo, ila vipande ni maelfu kwa maelfu.

Majibu yalitoka 2022. Matumbo yaligawanyika makundi matatu, na kupona kwa dawa mbili kulihusiana na kundi la mtu. Lakini angalieni: kuhusiana si kusababisha. Tena, kujua nani yupo si kujua anafanya nini. Kwa hilo husomwa RNA yenyewe, inayoonesha jeni zipi ziko kazini.

Kwa hiyo kidonge meza, lakini usikitegemee peke yake. Mayai ya minyoo hii huingia mdomoni kutoka kwenye udongo. Tumia choo, nawa kwa sabuni, osha matunda kabla hujayala.

Nawe unayeipenda hisabati, usiseme afya ni kazi ya madaktari tu. Hata tumbo lina hesabu zake.