Tabo Haibandikwi Ovyo: Maneno kwa Vyama vya Msingi vya Matogoro



Songea iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Makambako hupanda juu zaidi hadi Njombe, ambako hewa ni nyepesi. Ndiyo maana lori lililobadilishiwa injini huweza kutoa moshi mweusi na kushindwa mlima likiwa na shehena ya mahindi.

Dawa mojawapo ni tabo, iliyobuniwa na Alfred Büchi wa Uswisi mwaka 1905. Moshi wa injini huzungusha gurudumu, nalo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda.

Hata hivyo, chama kisinunue kabla fundi hajajibu maswali matatu. Je, pistoni na gasketi zitastahimili shinikizo hilo? Je, oili safi itaifikia tabo daima? Je, rejeta inatosha? Jibu moja likiwa hapana, heri kutafuta injini iliyotoka kiwandani na tabo yake.

Hewa iongezwe kwanza. Dizeli ifuate kwa kipimo. Injini ikifia njiani wakati wa mavuno, hasara ni ya kila mwanachama.