Hesabu za Darasani Kwenye Mizani ya Pamba

(Mazungumzo na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika miaka ya mwanzo ya 1950, kabla ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria kuundwa mwaka 1955, wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, kwa kuwa hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Siku hizi mizani ikiwa mikononi mwa chama, mwanachama aliyepunjwa hana wa kumshuku ila katibu wake.

Hesabu inayomlinda katibu ni ile ya shule ya msingi: kutafuta kwanza thamani ya kimoja. Mizani ya saa ambayo mzunguko wake mmoja ni kilo 100 ina nyuzi 360. Basi kilo moja ni nyuzi 3.6. Mshale ukisimama nyuzi 7.2 nyuma ya sifuri hali ndoano ni tupu, kila mzigo utasomeka pungufu kwa kilo 2. (Msomaji asimame mbele kabisa, mstari wa jicho lake ufanye pembe mraba na uso wa mizani. Asomaye kutoka kando huuona mshale mahali usipo.)

Hapo ndipo hata katibu hodari hupotea. Tuseme siku hiyo ilipimwa mizigo 60, na daftari likaonyesha kilo 2,280. Kiwandani zikatokea kilo 2,400. Ziada ya kilo 120, kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa kilo, ni shilingi 120,000 za wanachama. Katibu, akikumbuka somo la uwiano, anaigawa kwa kadiri ya kilo zilizoandikwa. Hesabu yake haina kosa la kujumlisha wala la kugawanya, lakini inadhulumu.

Tazameni wanachama wawili, kila mmoja ana kilo 100 kamili. Wa kwanza, mama asiye na mkokoteni, alileta mizigo 5 ya kilo 20. Akaandikiwa kilo 90. Wa pili alileta mizigo 2 ya kilo 50, akaandikiwa 96. Mama anadai kilo 10, mwenzake 4. Kwa mgawo wa katibu, mama atarudishiwa kilo 4.74 na mwenzake 5.05. Aliyepoteza zaidi amepewa kidogo, na aliyepoteza kidogo amepewa zaidi ya haki yake. Kosa la sifuri halikui pamoja na mzigo. Hurudiwa kila mzigo unapotundikwa. Kwa hiyo cha kugawia si kilo bali mizigo: 120 kwa 60, yaani kilo 2 kwa kila mzigo.

Liko kosa jingine ambalo kweli hufuata uwiano, nalo ni la springi iliyolegea au kukazika. Mizani inayosoma kilo 49 kwa jiwe la 50 itasoma 19.6 kwa jiwe la 20. Hiyo husahihishwa kwa kuzidisha kila kipimo kwa 50 na kugawanya kwa 49, na hapo mgawo wa kilo ni halali.

Kuyatenganisha si kazi kubwa. Yatundikwe mawe mawili yaliyohakikiwa, la kilo 20 na la kilo 50, kabla ya mkulima wa kwanza kufika. Yakisomeka 18 na 48, ni sifuri, yakisomeka 19.6 na 49, ni springi. Vyovyote iwavyo ununuzi usimame, na Wakala wa Vipimo aitwe, maana katibu hana ruhusa ya kuifungua mizani yenye lakiri.

Kitabu cha mizani nacho kiwe na mstari mmoja kwa kila mzigo, si jumla ya mwanachama peke yake. Jumla ya kilo 90 haionyeshi kama mama yule alitundika mara tano au mara moja, na hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa katibu siku ya kurudisha fedha.