Viatu na Kofia za Nyumba ya Udongo
(Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Obunga, Kisumu)



Watu wengi hudhani kwamba Wazungu tangu kale walijenga kwa mawe matupu. Sivyo. Waliopata kuiona Hoteli ya Norfolk ya Nairobi, iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, wanazijua mbao zake nyeusi juu ya chokaa nyeupe. Mbao hizo ni pambo tu, lililoigwa kutoka nyumba za wageni za kale katika vijiji vya Uingereza, ambako mbao ndizo zilizobeba nyumba.

Mojawapo ni George Inn ya kijiji cha Norton St Philip. Chini ni mawe. Orofa za juu ni za miti, nazo zimetokeza mbele kidogo. Wafanyabiashara wa sufu walilala humo siku za gulio. Imesimama zaidi ya miaka 500.

Nyumba za miti za namna hiyo zilijengwaje? Mafundi walisimamisha boriti za mti mgumu, wakasuka fito katikati, kisha wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Je, yuko mama wa Obunga asiyeijua kazi hiyo?

Basi kwa nini zile zimedumu, na zetu huharibika upesi? Waingereza husema kwamba nyumba ya udongo yataka viatu na kofia. Viatu ni msingi wa mawe, ili boriti zisiguse ardhi yenye maji. Kofia ni paa lenye upenu mpana, ili mvua isipige ukuta. Tena ufa ukionekana, huzibwa mara moja. Sisi tunaye pia mchwa, adui ambaye mafundi wale hawakumjua. Kwa hiyo viatu vyatupasa zaidi.

Wala kupanga mawe si elimu ya kigeni. Kuta za Thimlich Ohinga, katika Migori, zilipangwa bila chokaa na zimedumu karne nyingi. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia.

Mawe na mabati ya ziada yana gharama, lakini kukandika upya kila baada ya masika kuna gharama pia, na watoto hulala penye unyevu. Mwenye nyumba za kupangisha na awe wa kwanza kulifikiri jambo hili, kwa kuwa mpangaji hawezi kuuinua msingi akiwa ndani.