Likizo ya Mwaka na Kazi Isiyo na Mbadala

Katika maduka ya jumla ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hususan Mtaa wa Kongo na Msimbazi, ni kawaida kwa mtunza stoo mmoja kushika funguo, daftari la mali na orodha ya wateja wa mikoani, kiasi kwamba akiomba likizo huambiwa asubiri kwa kuwa hakuna wa kumshikia nafasi.

Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya malipo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa likizo, yaani kipindi cha miezi 12 ya ajira. Mwajiri anaweza kupanga wakati wa likizo hiyo, lakini isivuke miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 endapo mwajiriwa ameridhia na mahitaji ya kazi yanahalalisha ucheleweshaji huo. Kwa hiyo, kukosekana kwa mbadala kunaweza kusogeza tarehe, lakini hakufuti haki.

Dawa yake ni mwajiri kuandaa ratiba ya likizo mapema, nje ya misimu ya sikukuu, na kumfundisha mfanyakazi wa pili kazi hiyo. Mwajiriwa naye aombe kwa maandishi, atunze nakala, na mgogoro usipotatuliwa aufikishe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Waajiri wapange sasa, kwani mapumziko ni sehemu ya ajira, wala si hisani.