Rangi ya Mteja ni Amana: Urekebishaji wa Picha na Mipaka Yake



Mada niliyopewa ni nafasi ya urekebishaji katika upigaji picha wa kitaalamu. Sitatumia muda mwingi kuutetea. Tangu karne ya 19 mafundi wa studio walipunguza makunyanzi ya wateja kwa ncha ya penseli juu ya negativu ya kioo. Kwenye chumba cha giza, fundi alikinga mkono chini ya mashine ya kukuzia ili sehemu moja ya karatasi ipate mwanga kidogo kuliko nyingine. Photoshop, iliyoingia sokoni mwaka 1990, ilirithi kazi hiyo.

Linaloniumiza ni jinsi urekebishaji unavyozibadilisha sura na ngozi zetu.

Novemba 2017 Lupita Nyong'o, mwigizaji wa Kenya, alitokea kwenye jalada la jarida la Grazia la Uingereza. Sehemu ya nywele zake ilikuwa imefutwa na zilizobaki zimelainishwa. Alilalamika hadharani kwamba amebadilishwa ili alingane na kipimo cha urembo cha Kizungu. Mpiga picha aliomba radhi, na jarida pia.

Kwetu uamuzi kama ule hufanyika kila msimu wa harusi, ila kwenye ngozi. Bibi harusi anaingia studio akiwa mweusi, kwenye albamu anatoka maji ya kunde. Tunajitetea kwamba wateja ndio wanaotaka. Wapo wanaotaka, lakini wengi hawakuulizwa. Fundi amezoea tu kuvuta mwanga wa uso mpaka mwisho. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vya kujichubua vyenye zebaki, halafu sisi tunampaka mteja mkorogo wa kompyuta bila idhini yake.

Tuseme ukweli pia kuhusu vifaa. Kwa miaka mingi maabara zilizotumia bidhaa za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na watu weusi mara nyingi walitoka macho na meno tu. Kamera za leo ni bora zaidi, ila kipimamwanga bado huchukulia kila kilicho mbele yake kuwa na mwangaza wa wastani. Shela jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na uso huzama gizani. Hapa urekebishaji ni wajibu. Inua vivuli vya uso peke yake, hatua kwa hatua, huku ukilinda wekundu na umanjano uliomo ndani ya weusi. Ukipandisha mwanga wa picha nzima, shela litapoteza nakshi zake na ngozi itapauka. Kwa mabaka, usitumie brashi ya ukungu inayofuta vinyweleo. Tenganisha umbile la ngozi na rangi yake, kisha usawazishe rangi na kuliacha umbile lilivyo.

Kipimo changu ni muda. Kitakachoondoka chenyewe, kama chunusi, jasho au uzi uliong'ang'ania kolani, kiondolewe. Kinachodumu, yaani kovu, chale, mwanya na rangi, kisiguswe ila mwenyewe akiomba. Nimeona mwanya ukizibwa katika picha ya posa, na mwanya ni uzuri ambao watu wa hapa wamekuwa wakiusifu tangu enzi za mabibi zetu!

Kipimo hicho ni cha picha za wateja. Picha za habari zina sheria yake, na ni kali. Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters lilimwondoa mpiga picha aliyeongeza moshi kwenye picha ya Beirut, likaondoa na picha zake zote.

Kwa upande wa matangazo, Ufaransa, tangu Oktoba 2017, inataka picha ya biashara iliyomkondesha au kumnenepesha mwanamitindo iandikwe kuwa imerekebishwa. Sheria hiyo inagusa umbo la mwili. Rangi ya ngozi haimo, kwa hiyo hatuwezi kuinakili tukadhani tumemaliza.

Napendekeza mjadala wetu uanzie kwenye fomu ya kupokea kazi. Tuongeze mstari ambapo mteja ataandika anachotaka kiguswe na asichotaka kiguswe, kisha atie saini. Aoneshwe picha moja iliyorekebishwa pamoja na ile ya awali kabla albamu haijachapwa. Faili ghafi lihifadhiwe, ili akirudi baada ya miaka akitaka uso wake wa siku ile, tuwe nao.