KAMERA YA KUPIGIA PICHA ZA MICHEZO KWA MTU MWENYE MSHAHARA WA KIASI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kamati imelijadili mara mbili pasipo kupatana, nalo ni ununuzi wa kamera ya Chama. Fedha iliyomo mfukoni kwa kazi hii ilichangwa na makarani, madereva na matarishi, kila mtu kwa kadiri ya mshahara wake, wala haitachangwa tena mwaka huu. Kwa hiyo yafaa tuitazame vema kabla haijatoka mkononi mwa Bwana Mweka Hazina.

Kwanza nataka mkumbuke haja yenyewe. Tazameni ubao wetu wa matangazo. Picha zote za timu yetu ya netiboli zawaonyesha mabibi wamesimama safu moja, mikono imekunjwa, kama watu wangojeao daktari. Hapana hata moja iwaonyeshayo wakicheza. Wavuta kamba nao hali kadhalika: twawaona na kikombe, hatuwaoni wakikipata. Mtu akistaafu na picha hizo, wajukuu wake watajua kwamba alivaa jezi, lakini hawatajua kwamba aliruka. (Gazeti letu hili, kwa kuwa huchapwa kwa stensili, haliwezi kuchukua picha vizuri, illa ubao upo, na kila mwanachama ana albamu au simu yake.)

Katika kamati yalitoka maoni mawili. Wengine walisema simu za mkononi zatosha, tusinunue kitu. Wengine walisema tununue kamera mpya katika sanduku lake, pamoja na lenzi mbili na mkoba, kama ziuzwavyo madukani. Mimi siafiki shauri la kwanza wala la pili, na sababu zangu ni hizi.

Picha ya mchezo ni vita na wakati. Ndani ya kamera mna pazia dogo ambalo wapiga picha huliita shata. Hufunguka kidogo, mwanga ukaingia, likafunga. Ikiwa mtu asogea wakati pazia li wazi, picha yake huvutika kama wino uliopanguswa kwa kidole. Hebu tufanye hesabu. Mwaka 1974, huko Christchurch, New Zealand, ndugu yetu Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia. Huo ni mwendo wa mita 7 hivi kwa sekunde. Kama angalipita mbele yako, nawe pazia lako li wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, angalikwisha kusogea sentimita 12 kabla halijafunga. Kwa sehemu ya 250 ni sentimita 3 karibu. Kwa sehemu ya 1000 ni milimita 7 tu, na hapo ndipo uso wa mtu huonekana uso. Tena hiyo ni hesabu ya kiwiliwili. Mguu unaotupwa mbele huenda kasi kupita kiwiliwili, na mpira uliopigwa kwa nguvu hupita yote mawili. Basi kwa futboli, netiboli na mbio, tutake sehemu ya 1000, au tusishuke sana chini ya sehemu ya 500. Kuvuta kamba ni mchezo wa huruma kwa mpiga picha: sehemu ya 250 yatosha, kwa maana wale hawaendi popote upesi.

Lakini pazia likifunguka kwa muda mfupi hivyo, mwanga uingiao ni haba. Hapa ndipo panapoanguka lenzi za sandukuni. Kila lenzi ina tundu, na upana wa tundu huandikwa kwa namba. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi ndefu iliyomo katika masanduku hayo ikivutwa mpaka mwisho wake husoma 5.6. Lenzi yenye namba 2.8 huingiza mwanga mara nne ya hiyo, na yenye namba 1.8 huingiza karibu mara kumi. Maana yake ni nini kwetu? Michezo yetu huanza saa kumi alasiri, tukishatoka kazini. Ifikapo saa kumi na mbili kasoro robo, jua limeinama, na huku kwetu halikawii kuzama. Wakati ule mtu mwenye 5.6 akipata sehemu ya 100 ya sekunde, jirani yake mwenye 1.8 apata sehemu ya 1000, katika uwanja ule ule na dakika ile ile. Mmoja atarudi na vivuli, mwingine atarudi na picha.

Mtu aweza kusema, "Iongeze ISO," yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga. Ni kweli, na mara nyingi hapana budi kufanya hivyo. Walakini ISO ikipandishwa mno, picha huota chengachenga kama mchanga, na kamera zilizo rahisi ndizo ziotazo upesi. Hata hivyo mimi napenda picha ya chenga iliyokaza kuliko picha safi iliyovutika. Chenga husamehewa, mvutiko hausameheki.

Kwa simu sitakawia. Simu ni chombo kizuri mno kwa arusi na kwa mkutano. Lakini macho yake ni madogo, na mtu akiwa mbali, simu nyingi humkuza kwa kukata picha tu, si kwa kumvuta karibu. Uwanja wa futboli wa kimataifa huwa na urefu wa mita 100 hadi 110. Mwenye simu akiwa golini hapa, mfungaji wa goli la kule atakuwa kama sisimizi.

Sasa nije kwenye kamera zenyewe. Sanduku lililotajwa katika kamati lina Canon EOS 4000D, iliyotolewa mwaka 2018. Hupiga picha 3 kwa sekunde, na ina sehemu 9 za kujilenga, yaani alama ndani ya kitundu cha kutazamia ambazo kamera hukazia macho. Sasa itazameni Canon EOS 7D ya mwaka 2009. Ni ya zamani kwa miaka tisa, lakini hupiga picha 8 kwa sekunde, ina sehemu 19 za kujilenga zote za aina bora, na pazia lake hufikia sehemu ya 8000 ya sekunde, hali ile nyingine huishia 4000. Megapikseli zao ni 18 kwa 18, sawasawa! Basi anayewauliza wauza kamera juu ya megapikseli peke yake hatajua tofauti iliyopo baina ya farasi na punda. Na 7D iliyokwisha tumika aghalabu huuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya sanduku jipya. Sababu ni kwamba ilitengenezwa kwa watu wa kazi, kisha watu wale wakahamia vyombo vipya wakaiacha.

Kwa upande wa Nikon naisifu D7200 ya mwaka 2015: megapikseli 24, sehemu 51 za kujilenga, picha 6 kwa sekunde, na nafasi mbili za kadi. Nayo ina mota ndani yake ya kuzungusha lenzi za zamani. Angalieni sana jambo hili, kwa kuwa Nikon ndogo kama D3500 hazina mota hiyo. Mtu akinunua lenzi ya zamani iliyo rahisi, akaipachika humo, itambidi kulenga kwa mkono, na mchezo hautamngoja. Sony A6000 ya mwaka 2014 nayo ni nyepesi na hupiga picha 11 kwa sekunde. Ilipotoka bei yake pasipo lenzi ilikuwa dola 650 za Marekani, na leo iliyotumika hupatikana kwa pungufu. Hofu yangu kwayo ni betri, ambayo ni ndogo, na lenzi zake zenye tundu pana, ambazo kwa bei ya mitumba si nyingi kama za Canon na Nikon. Mwenye kujaliwa fedha zaidi atazame Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 au Nikon D500 ya mwaka 2016, zote mbili za picha 10 kwa sekunde. Kwa mfuko wetu wa sasa hizo ni za kutazamwa tu.

Shauri langu ni kwamba kamera ichukue fedha ndogo, na lenzi ichukue fedha kubwa. Tununue lenzi ya milimita 85 yenye namba 1.8. Canon waliitoa ya kwao mwaka 1992, na ilivyozagaa duniani, iliyotumika si ghali. Juu ya 7D, mtu mzima aliye umbali wa mita 13 huijaza picha vizuri kwa lenzi hiyo. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30 na nusu, na upana wa mita 15 na robo. Basi mpiga picha akiketi nyuma ya mstari wa goli, theluthi yote ya hatari i mbele yake. Kwa futboli tungetaka milimita 200, ambayo hufanya kazi ile ile kwa umbali wa mita 30. Lakini lenzi ya 70 hadi 200 yenye namba 2.8 ina bei ya kutisha na uzito wa kilo moja na nusu karibu. Kwa sasa mpiga picha wetu wa futboli na akae karibu na goli, aungoje mchezo umjie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye ainame kwa kweli, apige goti, kwa maana picha iliyopigwa kutoka chini humfanya mchezaji aonekane kuruka juu zaidi.

Katika kununua kitu kilichotumika yapasa kuwa na macho ya karani wa stoo. Pazia la 7D lilikusudiwa kufanya kazi mara 150,000. Muulizeni muuzaji limekwisha piga ngapi. Kwa Nikon idadi hii hufichwa ndani ya picha yenyewe, na kompyuta huweza kuisoma. Kwa Canon nyingi haimo, basi tazameni vifungo na kingo zilizochakaa. Mulikeni lenzi kwa tochi kutoka nyuma: mkiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, ugonjwa wa vyombo vilivyokaa pwani katika unyevu, msiinunue hata akipunguza nusu. Katika 7D chunguzeni pia tundu la kadi. Hutumia kadi za CompactFlash, na ndani mna sindano nyembamba. Moja ikipinda kamera haiandiki. Kadi hizo sasa si rahisi kuzipata dukani, basi tumtake muuzaji atupe zake pamoja na kisomeo.

Neno moja juu ya kasi. Msidhani picha 8 kwa sekunde zitamfanyia mtu kazi yote. Mpira unaokwenda mita 30 kwa sekunde husafiri karibu mita 4 baina ya picha moja na ya pili, na mguu huugusa kwa muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde tu. Anayebonyeza na kushikilia, akiomba bahati, ataukuta mpira haujafika au umekwisha kwenda zake. Sharti aujue mchezo. Kwa hiyo naomba atakayekabidhiwa kamera awe mtu aliyecheza netiboli au anayeijua barabara, ijapokuwa hajashika kamera maisha yake. Kuiweka kamera ilenge mfululizo, pazia sehemu ya 1000, ISO ijipandishe yenyewe: hayo hufundishwa kwa alasiri moja. Kujua mpira utatupwa wapi hakufundishwi kwa alasiri moja.

Mwisho, nimesikia wanachama wawili watatu wakinuia kukopa katika Akiba na Mikopo, wapate kamera zao wenyewe na kupiga picha za mechi siku za Jumamosi kwa malipo. Siwazuii. Lakini na wafanye hesabu ya makato ya mshahara kabla ya hesabu ya picha, na mkopo wao wa kwanza usipite bei ya 7D moja na lenzi moja. Timu za mitaa hupenda picha kuliko zipendavyo kuzilipia.

Bwana Mwenyekiti, naleta basi hoja hii ipigiwe kura: kamera moja iliyotumika, 7D au D7200, ile itakayopatikana katika hali njema, lenzi moja ya milimita 85 yenye namba 1.8 ya kufaa kamera hiyo. Betri ya pili. Na fedha itakayosalia ibaki kwa Bwana Mweka Hazina, iwe mwanzo wa lenzi ya 200. Nimeazima 7D moja kwa rafiki, nayo i hapa mezani pamoja na lenzi yake. Mabibi wa netiboli watafanya mazoezi kesho saa kumi, nao wamekubali tuijaribu kwao kabla ya kura.